Uliza Ujibiwe: Ushindi wa Kishindo Ugenini Katika Futiboli ya Vyuo Marekani

SWALI: Nimetazama marudio ya mechi ya Michigan na Ohio State iliyochezwa Columbus Novemba 26, 2022. Michigan, waliokuwa wageni, walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 20–17, kisha wakashinda 45–23. Inawezekanaje timu iliyokuwa nyuma iwachape wenyeji kwa tofauti ya pointi 22?

JIBU: Zitazame yadi kabla ya pointi. Michigan walifunga tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) 6 siku ile, na 5 kati yake zilitoka mbali. Cornelius Johnson alifunga kwa pasi za yadi 69 na 75, Colston Loveland kwa pasi ya yadi 45, naye Donovan Edwards akakimbia na mpira yadi 75, na baadaye 85. Chanzo kikubwa ni kimoja. Ohio State walijaza watu mbele ili kuziba njia za wakimbiaji na kumvamia kwotabeki, yaani mrusha pasi, J.J. McCarthy, hivyo kila mpokeaji akaachiwa beki mmoja, na mara nyingine nyuma hakubaki beki wa mwisho. Mpango huo ukifaulu, mpinzani anarudishwa nyuma yadi kadhaa. Lakini beki mmoja akikosa kumwangusha mtu wake, hakuna wa kumfutia kosa, na pasi fupi inageuka mbio ya nusu uwanja.

Jambo la pili ni hesabu ya mashambulizi, nalo ndilo linaloamua mechi inavyochezwa mwishoni. Shambulizi moja haliwezi kuzaa zaidi ya pointi 8: 6 za tachidauni na 2 za nyongeza. Katika robo ya nne matokeo yalikuwa 31–23. Tofauti ya 8 maana yake wenyeji walihitaji shambulizi moja tu kusawazisha. Edwards alipokimbia zile yadi 75, ikawa 38–23, tofauti ya 15, yaani mashambulizi mawili, na moja lazima liwe na nyongeza ya pointi 2. Mbio ya yadi 85 ilipofanya 45–23, yakahitajika matatu. Timu inayodaiwa matatu na saa inayoyoma hulazimika kurusha pasi karibu kila jaribio (timu hupewa majaribio manne ya kutafuta yadi 10), walinzi wanajua pasi inakuja, na mpira unanaswa. Ndiyo maana tofauti ya mwisho huonekana kubwa kuliko mechi yenyewe ilivyokuwa kwa robo tatu. Kwa maoni yetu, ile tachidauni ya 38–23 ilikuwa na thamani kuliko zote.

SWALI: Katika uwanja wenye watu zaidi ya 100,000 wanaopiga kelele, wageni wanajuaje wakati wa kuanza kila jaribio?

JIBU: Hawasikilizi, wanatazama. Nyumbani kwotabeki huita kwa sauti na safu ya mbele huondoka kwa sauti hiyo. Ugenini hutumika hesabu ya kimya, na hatua zake ni hizi. Kwotabeki anasimama yadi 5 hivi nyuma ya senta, mchezaji wa katikati ya safu ya mbele anayemrushia mpira. Gadi, anayepangwa ubavuni mwa senta, anageuza kichwa kumtazama kwotabeki. Kwotabeki akiwa tayari anainua mguu au kutoa ishara nyingine waliyokubaliana. Gadi anarudisha uso mbele na kumgusa senta. Senta anainua au kutikisa kichwa, anahesabu kimoyomoyo, kisha anarusha mpira nyuma. Wenzake wote wanaondoka kwa kichwa hicho na hesabu hiyo.

Kosa la kwanza ni kuuacha upande wa pili uizoee hesabu hiyo. Walinzi nao wana macho. Senta akirusha mpira kila mara baada ya hesabu moja, kufikia robo ya pili mlinzi wa pembeni atakuwa anaondoka pamoja na mpira, na yule anayemzuia, aliye mbali na senta, atachelewa nukta moja inayotosha kumfanya kwotabeki aangushwe. Dawa ni kubadilisha: hesabu moja, kisha mbili, kisha kichwa kitikiswe na mpira usitoke kabisa. Mlinzi akivuka mstari kwa pupa, wageni wanapewa yadi 5.

Kosa la pili ni mchezaji wa safu ya mbele kuondoka kabla ya mpira, ambalo adhabu yake ni yadi 5 pia. Watu hulidharau, nasi tunaona hilo ndilo linalowaua wageni wengi. Jaribio la kwanza likiwa na yadi 10 za kutafuta, unaweza kukimbia au kurusha, na mlinzi hajui lipi. Likiwa na 15, karibu anajua. Timu inayoshinda kwa kishindo ugenini kwa kawaida ni ile ambayo jaribio lake la tatu limebakiza yadi 3 au 4, si 11. Kwa hiyo wiki nzima kabla ya safari mazoezi hufanywa huku spika zikipiga kelele, ili gadi na senta wazoee kuguswa badala ya kuitwa.

Kumbuka pia kwamba mashabiki hunyamaza timu yao inaposhambulia. Walinzi wa wageni wanasikizana vizuri tu.

SWALI: Si siku hizi kuna redio ndani ya kofia? Kelele zina shida gani tena?

JIBU: Redio iliruhusiwa 2024 katika daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Anakuwa nayo mchezaji mmoja tu wa kila upande kwa wakati mmoja, mwenye alama ya kijani kwenye kofia, na inakatika sekunde 15 zikibaki kwenye saa ya kuanzisha (inayohesabu muda wa kuanza jaribio), au mpira ukirushwa mapema zaidi. Inamfikishia kwotabeki mpango wa kocha. Wale kumi wengine bado hawasikii kitu, hivyo hesabu ya kimya iko palepale.

Kabla ya hapo mipango ilitumwa kwa ishara za mikono na mabango kutoka pembeni. Kuzisoma ishara hizo ndani ya mechi kunaruhusiwa. Kutuma watu kwenye mechi za wapinzani mtakaokutana nao msimu huo ni marufuku. Kwa kosa hilo Michigan walianza kuchunguzwa 2023, na msimu wa 2022 umo ndani ya kipindi hicho. Anayeichambua mechi ya Columbus inampasa alijue hilo, ingawa makosa ya kushindwa kumwangusha mtu yanaonekana kwenye picha bila msaada wa ishara.

SWALI: Kwa nini timu inayoongoza huacha pasi na kukimbia tu?

JIBU: Pasi isiyodakwa inasimamisha saa, mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea. Saa ya kuanzisha ni sekunde 40, hivyo ukisubiri zibaki 2 au 3, jaribio moja linakula zaidi ya sekunde 40. Majaribio matatu ya namna hiyo ni dakika mbili na ushei, kama mpinzani hana mapumziko ya kuomba (kila timu ina 3 kwa kila kipindi, yaani nusu ya mechi). Tangu 2023 saa haisimami tena kwa kupata yadi 10 mpya, ila katika dakika mbili za mwisho za kila kipindi, na hilo limemsaidia sana anayeongoza.

SWALI: Tofauti ikiwa kubwa mno, mwamuzi anaweza kumaliza mechi?

JIBU: Hapana, si peke yake. Makocha wakuu wawili wakikubaliana na mwamuzi, robo zilizobaki zinaweza kufupishwa. Mara nyingi kocha anayeongoza huingiza wachezaji wa akiba. Mwanafunzi anaweza kucheza hadi mechi 4 za msimu bila kuhesabiwa kwamba ametumia mmoja wa miaka yake ya kushindana, kwa hiyo dakika hizo za mwisho ni mali kwa chipukizi.