Feni ya hita inayogoma asubuhi ya baridi

Ndugu, umesema feni ya hita ya gari lako haizunguki saa kumi na mbili asubuhi hapo Kabale, lakini jua likishapanda inafanya kazi kama kawaida. Usikimbilie kubadilisha fyuzi. Fyuzi iliyoungua haiponi kwa jua.

Mimi naishuku mota yenyewe: grisi ya zamani hukakamaa kwa baridi, na brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zikiisha hazigusi vizuri. Kesho asubuhi, kabla gari halijapata joto, washa swichi ya gari, weka feni kasi ya mwisho. Ingiza mkono chini ya dashibodi upande wa abiria (magari mengi ya Kijapani mota iko hapo, nyuma ya kisanduku cha makaratasi), uigonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, mota imechoka.

Isiposhtuka, pima umeme kwenye plagi yake papo hapo, ikiwa bado imegoma. Ukipata volti 12 na haizunguki, kosa ni la mota au waya wake wa ardhi (unaorudisha umeme kwenye bodi). Usipopata kitu, rudi nyuma kwenye rilei (kifaa kinachopitisha umeme kwenda kwenye mota) na swichi ya feni. Plagi pia iangalie vizuri. Yangu ilikuwa na pini moja nyeusi, plastiki imeyeyuka. Rezista, kipande kinachopunguza kasi ya feni, ingeua kasi za chini tu.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta mota ya mtumba, omba waijaribu kwenye betri mbele yako, na uizungushe kwa kidole kwanza.