Swali la lugha: "kizuizi cha kimeng'enya", hapo nani anamzuia nani?

Mwalimu mmoja wa bayolojia kule Mbale ameniuliza hivi: wanafunzi wakieleza ile kemikali inayokibana kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kisifanye kazi, waandike "kizuizi cha kimeng'enya"? Na kinachoingia kwenye seli kiitwe pembejeo?

Mwalimu, la pembejeo nalimaliza haraka, hapana, pembejeo ni mbegu na mbolea, mwachie mkulima. Kwa seli sema ingizo, na seli inavyojibu huo ni mwitikio.

Kizuizi sasa ndo penye kazi. Ukitoka Mbale kuja Kampala ukakuta kizuizi cha polisi barabarani, wanaozuia ni polisi si ndio, hakuna anayewazuia wao. Kwa hiyo mtu akisoma kizuizi cha kimeng'enya ana haki kabisa ya kudhani kimeng'enya ndo kinazuia kitu fulani, yaani maana imekaa kichwa chini miguu juu. Na njia tunayo tayari, tunasema kipimajoto, kifunguakinywa, basi sema kizuia-kimeng'enya, hapo hachanganyikiwi mtu.

Kuna neno lingine hukuliuliza ila nalipenda sana hapa, kizingiti. Watu wengi wanalitumia kama kikwazo tu, vizingiti vya maendeleo na kadhalika, lakini kizingiti ni ule ubao wa mlangoni, usipouvuka hujaingia ndani. Sasa kuna vizuia vinavyong'ang'ania kimeng'enya kwelikweli, havikiachii, seli ikianza kukitengeneza molekuli za kwanza zote zinakamatwa na huoni kitu, mpaka vizuia viishe, zinazofuata ndo zinabaki huru na mwitikio unapanda ghafla. Ni kama una deni la mkopo kwenye simu, unatumiwa elfu tano inakatwa, elfu tano nyingine inakatwa, deni likiisha kila shilingi ni yako. Njia haikufungwa hapo, kulikuwa na kiwango cha kuvuka.

Ila kizuia kinachogombania tu nafasi kwenye kimeng'enya dhidi ya ile kemikali ambayo kimeng'enya kinaifanyia kazi, hicho hakiweki kizingiti cha namna hiyo, mwitikio unapanda polepole na ukiongeza hiyo kemikali vya kutosha kasi ya juu inafikiwa vilevile. Kwa hicho waandike "kinapunguza kasi". Kwa kile king'ang'anizi mimi ningewaandikia ubaoni: kizuia-kimeng'enya kimepandisha kizingiti cha mwitikio.