Umeingia Kamati ya Harambee ya Kanisa? Soma Hili Kabla ya Kikao cha Kwanza

Hongera kwa kuteuliwa. Najua wengi wenu hamkuomba: jina lilitajwa baada ya ibada, mikono ikainuliwa, ikawa imepita. Sasa unatakiwa kusaidia kuandaa shughuli ya kuchangia kanisa la kijiji, na waliokutangulia wamekuachia daftari lenye kurasa tatu zilizoandikwa na nyingine zote nyeupe.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kijijini wachangiaji ni walewale. Atakayenunua kadi mwaka huu ndiye mtakayemfuata mwaka kesho, ndiye binamu wa mweka hazina, ndiye jirani wa fundi mtakayempa kazi ya paa. Hakuna umati mpya utakaoshuka kutoka mahali fulani kuziba pengo la waliokasirika. Kwa hiyo kila mnapobishana kwenye kikao, iwe ni bei ya kiingilio au nani ashike kipaza sauti, jiulizeni: mwakani tutawarudia watu hawa kwa uso gani? Mabishano mengi huishia hapo.

Wageni kwenye kazi hii hupenda kuanza na tarehe. Anzeni na kazi inayohitaji fedha. "Tunachangia maendeleo ya kanisa" haimfanyi mtu afungue pochi. "Paa la upande wa kwaya linavuja" humfanya, kwa sababu Jumapili iliyopita alikaa pale na akalowa. Mleteni fundi apime, aandike mbao, mabati, misumari, usafiri na ufundi, kisha ongezeni kidogo kwa ajili ya yasiyotarajiwa, maana paa la zamani likifunguliwa huonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyaona kutoka chini. Yesu mwenyewe aliuliza, katika Luka 14:28, ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama. Mstari huo husomwa sana mahubirini na mara chache sana kwenye vikao vya kamati.

Mkishapata kiasi, andikeni mapema mambo mawili: fedha zikipungua mtafanya nini, na zikizidi zitakwenda wapi. La pili huonekana kama mzaha mpaka siku zitakapozidi. Katika Kutoka 36 mafundi walimwendea Musa wakamwambia watu wanaleta kuliko kazi inavyohitaji, naye akapiga mbiu watu waache kuleta. Sijaona kamati nyingi zenye ujasiri huo, lakini angalau kadi yenu inaweza kusema: zitakazozidi zitatengeneza madirisha. Hapo hakuna atakayekuja kuuliza kwa nini fedha za paa zimenunua viti vya ofisini.

Hadithi ambayo kila mwanakamati mpya angeisoma ni ile ya 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kutengeneza palipobomoka. Makuhani wakazipokea, na mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake palikuwa bado pamebomoka. Dawa yake haikuwa mahubiri makali. Kuhani Yehoyada alichukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, walikuja watu wawili kuhesabu: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, yaani mmoja wa upande wa serikali na mmoja wa upande wa hekalu. Wakazifunga mifukoni, wakawapa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Na fedha hizo, mstari wa 13 unasema, hazikutumika kutengenezea vyombo vya fedha vya hekalu. Kasha lililofungwa, wahesabuji wawili wasio wa nyumba moja, matumizi yaliyotajwa tangu mwanzo: mhasibu wa leo angeongeza risiti tu.

Tahadhari: yuko mzee atakayekutolea mstari wa 15 wa sura hiyohiyo, unaosema wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Atautumia kukuonyesha kwamba kudai risiti ni kukosa imani. Msikilize kwa heshima, kisha mkumbushe kwa upole kwamba hao walipewa fedha zilizokwisha kuhesabiwa na watu wawili na kufungwa. Akiendelea, kuna Paulo katika 2 Wakorintho 8:20-21, anayeeleza kwamba walijihadhari mtu asije akawalaumu juu ya mchango ule, wakitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mwenye dhamana ya fedha ndiye anayelindwa zaidi na risiti. Siku maneno yatakapoanza kupita kisimani, karatasi itamsemea.

Sasa aina ya shughuli. Chagueni kile ambacho kijiji chenu tayari kinakiweza. Kama mna kwaya nzuri, tamasha la kwaya halina mpinzani, kwa sababu kila mwimbaji huja na ukoo wake, na watoto wakipangwa kuimba, hata baba ambaye hajaonekana kanisani tangu harusi yake atafika. Kama vijana wana timu, mechi ya hisani. Kama kuna mikono ya kushona, kusuka na kuchonga, mnada. Soko la vitu vilivyotumika hufanya vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila tengeni siku nzima ya kuchambua, maana watu wengine hutoa msaada na wengine hutoa takataka. Bahati nasibu iulizieni mara mbili: nchi nyingi zinadai kibali au zina masharti yake, na madhehebu kadhaa yanaikataa kabisa. Mchungaji asiisikie kwa mara ya kwanza kwenye tangazo.

Kuna watakaosema sherehe na kanisa haviendani, kwamba fedha za Mungu zitoke kwenye sadaka tu. Sina ugomvi nao, ila jambo hili si geni. Uingereza ya karne ya 15 na 16, parokia nyingi za vijijini zilitengeneza makanisa yao kwa fedha za sherehe ambazo wasimamizi wa kanisa wenyewe walipika pombe na kuiuza kwa wanakijiji. Waliotaka ibada iliyotakaswa walizipiga vita, na hatimaye nyingi zikafa. Kwa hiyo mabishano mtakayoyasikia kikaoni yana umri wa kutosha. Msiyachukulie kama matusi kwenu. Kilicho muhimu ni kamati ijue msimamo wa dhehebu lake, na isimshtukize mtu.

Tarehe ipangwe kwa kalenda ya mifuko. Kijiji cha wakulima kina fedha baada ya mavuno na hakina kabla yake. Wiki ya kufungua shule hakuna mtu aliye na cha ziada. Angalieni pia shughuli za makanisa jirani na sikukuu za majirani wa dini nyingine, kwa sababu hao nao ni wageni wenu. Jengo la ibada kijijini ndilo alama ambayo watu huelekezea njia, na wapo watakaolichangia bila kuingia ndani yake hata siku moja. Waalikeni waziwazi, waambieni ratiba ilivyo, na msigeuze katikati ya mnada kuwa mkutano wa injili. Aliyekuja kwa ujirani aondoke na ujirani wake.

Kisha gharama. Shughuli huweza kula fedha ilizokuja kutafuta. Mahema, viti, vipaza sauti, chakula, mapambo, fulana za kamati (za kamati!), na mwisho wa siku kila 100 iliyoingia, 60 imetoka, lakini kinachotangazwa ni ile 100. Tangazeni zote mbili, iliyoingia na iliyobaki. Azimeni kabla ya kukodi, na ombeni mtu mmoja mmoja alipie kitu kimoja kinachojulikana: huyu viti, yule mahema. Mtu ambaye angetoa kidogo kwenye kapu mara nyingi hutoa zaidi akijua jina la kitu chake. Kipimo changu ni hiki: siku moja kabla, gharama zote ziwe zimekwisha kulipwa na kadi zilizouzwa pamoja na wafadhili hao. Kama hazijalipwa, punguzeni mapambo usiku huohuo.

Kuhusu mgeni rasmi, mpeni nafasi, mpeni kiti kizuri, na mpeni dakika zake zikiwa zimeandikwa kwenye ratiba aliyoletewa mapema. Mwenye kutafuta kura akipewa kipaza sauti bila mipaka, watu huanza kuondoka na pochi zao kabla mnada haujafika.

Mnada wenyewe nauzungumzia kwa kirefu kwa sababu ndipo fedha nyingi hupatikana na ndipo mioyo huumia. Msianze na kitu kikubwa. Anzeni na vitu vidogo ambavyo karibu kila mtu anaweza kuvinunua, watu wazoee kuinua mkono na kucheka. Kitu kikubwa kije watu wakiwa wamechangamka na kabla hawajachoka, si mwishoni kabisa. Mshereheshaji ataje aliyetengeneza kitu, si bei ya dukani. Chukulia kikapu alichosuka bibi wa mstari wa mbele: kikisemwa "kikapu", kitakwenda kwa bei ya kikapu. Kikiinuliwa, bibi akaombwa asimame, mshereheshaji akaonyesha ule ukingo uliosukwa mara mbili ili mkono usiumie, watu wanaanza kushindana, na mara nyingi mshindi humrudishia bibi kikapu chake na kusema kiuzwe tena. Muwe na mtu mwenye kalamu karibu na mshereheshaji, anayeandika jina, kitu na kiasi palepale kabla kitu kingine hakijainuliwa. Bila huyo, jioni mtakuwa na watu wawili wanaodai walinunua blanketi moja, au hakuna anayekumbuka kulinunua.

Msitumie mnada kumbana mtu. Kuna washereheshaji wanaoita majina: "Fulani amenyamaza, au biashara ni mbaya?" Watu hucheka, fedha hutoka, na Fulani mwakani atasafiri wiki hiyo. Ni hivyohivyo kwa kusoma majina na viwango hadharani. Dhehebu lenu likiwa na desturi hiyo, wapeni watu njia ya kutoa bila kutajwa, kwa bahasha au kwa simu. Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili katikati ya matajiri, na Yesu alipomsifu aliwaita wanafunzi wake akawaambia wao. Hakumsimamisha mbele ya watu.

Ahadi ni fedha zilizoandikwa tu mpaka zilipwe. Ziandikeni kwenye safu yake, na msizijumlishe na fedha taslimu mnapotangaza. Kila ahadi iwe na tarehe ambayo mtoaji mwenyewe ameitaja, na afuatwe na mtu mmoja anayemjua, kwa faragha. Wapo watakaoshindwa. Hali zimebadilika, mtu ameugua. Ikifika hapo, mpeni ruhusa ya kuifuta bila maelezo marefu, mtabaki naye.

Meza ya kuhesabia iandaliwe kabla ya siku: chumba chenye mlango, mwanga wa kutosha, fomu iliyochapwa yenye mistari ya kila aina ya noti na sarafu, na watu watatu wasio ndugu. Wawili wanahesabu, kila mmoja peke yake, bila kuambiana. Wa tatu anaandika. Hesabu zikitofautiana, wote wanarudia tangu mwanzo. Hakuna kugawana tofauti, hakuna "hizi ndogo tutaziona kesho". Wote watatu wanasaini. Fedha za kiingilio, za chakula na za mnada zihesabiwe mbalimbali, kwa sababu mwakani mtataka kujua kipi kilileta na kipi kilipoteza muda. Zilizoingia kwa simu zipite kwenye namba ya kanisa, si ya mwanakamati hata awe mtakatifu namna gani, na orodha yake ichapwe. Mkoba usilale nyumbani kwa mtu ikiwezekana kuupeleka benki siku hiyohiyo. Isipowezekana, walale nao wawili na kila mmoja ajue kiasi kilichomo.

Mengine kwa ufupi. Vibali vya mkusanyiko na vipaza sauti viombwe mapema, kwa maandishi. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo na ajulikane anayelishika. Watoto wawe na watu wazima wawili waliotajwa kwa majina. Wapishi wale kabla ya wageni, la sivyo watakula baada ya kila kitu kuisha na mwakani hawaji. Usafi upewe kundi tofauti na lililopika.

Shukrani zitoke ndani ya wiki moja, hata kwa aliyeazima sufuria. Taarifa ya hesabu ibandikwe mlangoni mwa kanisa Jumapili inayofuata: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, ahadi ambazo hazijalipwa (jumla tu, bila majina), na siku fundi atakapoanza. Kazi ikianza, bandikeni nyingine, na ikimalizika ya tatu, ikiwa na risiti za mabati zilizonakiliwa. Kisha wekeni nakala za zote, fomu za kuhesabia, orodha ya vitu vilivyoazimwa na majina ya waliojitolea kwenye faili moja, likae ofisi ya kanisa ambapo kamati ijayo italikuta bila kumwomba mtu ufunguo wa nyumbani kwake.