Breki, usukani na matairi: majibu kwa wasomaji

Nikishuka Kitonga nikitoka Iringa, breki hunuka na pedali hulegea. Fundi ameshabadili pedi mara mbili. Shida nini?

Huenda pedi hazina kosa. Ukiushuka mteremko mrefu kwa breki peke yake, joto hupanda mpaka pedi zinashindwa kushika. Mafuta ya breki nayo yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ukikanyagwa hubonyea. Ndiko huko kulegea. Fuata kanuni ya madereva wa malori: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo ya kushukia, na uiingize kabla ya mteremko, siyo gari likishachanganya. Otomatiki nyingi zina gia za chini, 2 na L, ingawa wenye magari wengi hawajawahi kuzigusa. Breki kanyaga kwa uzito, mwendo ukipungua achia zipoe. Mafuta ya breki yakizeeka hunyonya unyevu na kuchemka mapema. Yakipita miaka 2, badilisha.

Na tafadhali, usiweke nyutro eti kuokoa mafuta. Injini ya injekta hukata mafuta yenyewe ukiachia pedali gia ikiwa ndani. Ubahili huo hauna hata faida.

Nilifunga breki ghafla, pedali ikatetemeka mguuni, nikaachia. Imeharibika?

Haijaharibika, na hukupaswa kuachia. Hiyo ni ABS, inashika na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde ili matairi yasijifunge, maana tairi la mbele lililojifunga halisikii usukani. Kandamiza pedali, kisha kwepa. Kupampu breki ni kwa magari yasiyo na ABS. Kwenye changarawe, hata hivyo, ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa hiyo mwendo upunguze mapema.

Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilikanyaga breki katikati ya kona, gari likaenda moja kwa moja hadi mtaroni. Ningefanyaje?

Pole. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya masika yaliyokolea: oili na vumbi vya miezi vinageuka utelezi kabla havijaoshwa. Kisha kuna hesabu ya tairi. Uwezo wake wa kushika lami ni kama posho ya siku. Ukiimalizia kwenye breki, kona haipati kitu. Kwa hiyo breki ni kabla ya kona, gari likiwa limenyooka.

Pua ikikataa kukunja, watu wengi huzidisha usukani. Ndivyo inavyozidi kukataa. Inua mguu kwenye mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, matairi yashike tena, ndipo ukunje. Mkia ukitoka, geuza usukani upande ule ule mkia unakokwenda, macho yakiwa unakotaka kufika, siyo kwenye mti unaouogopa.

Nina pesa ya matairi mawili tu. Niyafunge mbele?

Nyuma, hata kama gari linavutwa na matairi ya mbele. Mafundi wengi watakubishia. Lakini pua ikiteleza bado unaweza kuirudisha. Mkia wenye vipara ukiteleza kwenye maji, gari huzunguka kabla hujajua.

Gari la kuvuta miguu yote minne husimama haraka zaidi?

Hapana. Hukusaidia kuondoka kwenye tope. Kila gari hufunga breki kwa matairi yote manne, na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa breki huwa mara nne.