Maswali na Majibu: Sarafu katika Fomu za Mapendekezo ya Biashara

Swali (Mombasa): Katika fomu ya mapendekezo ya biashara iliyo kwenye tovuti yetu, tuandike Sh, KSh au KES?

Jibu: Andikeni KES. Alama ya Sh hutumiwa na Wakenya, Watanzania, Waganda na Wasomali, na shilingi zao hazikaribiani kwa thamani: shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi kumi za Tanzania, na vilevile za Uganda. Kwa hiyo pendekezo la "Sh 2,500,000" linalotoka Mombasa kwenda Tanga linaweza kusomwa kwa namna mbili, moja ikimtia hasara muuzaji na nyingine ikimfukuza mnunuzi, na wa kulaumiwa ni aliyetengeneza fomu. Misimbo ya herufi tatu ya ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya sarafu kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1978, hutenganisha sarafu hizo bila shaka yoyote: KES, TZS, UGX na SOS. Nimesema mara nyingi katika safu hii, nami nitaendelea kusema, kwamba tarakimu isiyoandamana na msimbo wake si bei. Tena msimbo huo usiishie kwenye skrini. Uhifadhiwe katika hifadhidata pamoja na kiasi, utokee katika hati anayopelekewa mteja na katika nakala ya mhasibu, kwa kuwa fomu nyingi huonyesha msimbo vizuri wakati wa kujaza kisha humfikishia mhasibu tarakimu tupu.

Swali (Kampala): Kwa nini fomu yetu inaongeza .00 mwishoni mwa kila bei ya shilingi ya Uganda?

Jibu: Kwa sababu hamkuieleza kwamba UGX haina desimali, wekeni sifuri katika idadi ya desimali.

Swali (Muscat): Fomu tuliyonunua inakataa bei ya riali 12.750 na kutaka 12.75. Je, tuiache hivyo?

Jibu: Msiiache. Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa kwa desimali tatu, kama dinari ya Kuwait na ya Bahrain. Leo mmepoteza sifuri tu, lakini kesho mtakapoandika 12.755 fomu hiyo itawalazimisha kupunguza au kuongeza baisa tano, na katika oda ya vipande elfu kumi hizo ni riali 50. Wanaotumia Gravity Forms, programu-jalizi ya kutengeneza fomu katika tovuti za WordPress, wanaweza kuipangia sarafu alama, idadi ya desimali na kitenganishi cha maelfu kwa kipande cha msimbo wa programu, kichujio kiitwacho gform_currencies. Programu isiyotoa nafasi ya kubadili mambo hayo haifai kwa biashara ya Ghuba, hata ikiwa ya bei nafuu.

Swali (Dodoma): Tumekusanya mapendekezo kwa Google Forms, lakini jumla ya bei katika Google Sheets inatoka sifuri. Tatizo ni nini?

Jibu: Swali hili hurudi kila mara, na kila mara jibu lake limo katika seli zenyewe, kama muulizaji angezifungua na kuzitazama. Wajazaji wenu wameandika "Tsh 450,000/=", "laki nne na nusu" na "450000 tu". Hayo ni maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha ya Google Sheets, haijumlishi maandishi. Google Forms haina sehemu maalumu ya sarafu, kwa hiyo tengeni maswali mawili: moja la kuchagua sarafu kwenye orodha, jingine la kiasi lenye sharti la kukubali nambari pekee. Chini ya swali la kiasi wekeni mfano wa namna ya kujaza. Msimlaumu mjazaji kwa mazoea ya "/=" aliyofundishwa tangu shuleni, ilhali fomu yenu haikumwambia lolote.

Swali (Bukavu): Wateja wetu hulipa kwa dola au kwa faranga za Kongo. Tunataka mteja akiandika dola fomu ibadilishe papo hapo iwe faranga, na kuhifadhi faranga pekee. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana, nami nawasihi msifanye hivyo. Pendekezo la biashara ni ahadi, na ahadi hukaa wiki kadhaa kabla ya kukubaliwa. Mkihifadhi faranga pekee mtakuwa mmefuta kile ambacho mteja alikiandika kwa mkono wake, na siku kiwango cha kubadilisha fedha kitakapopanda hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba mlikubaliana dola 4,000. Hifadhini kiasi cha asili na msimbo wake, USD au CDF, kisha kando yake kiwango kilichotumika, chanzo cha kiwango hicho, tarehe yake na muda ambao bei itabaki halali. Thamani ya faranga ionyeshwe kwa taarifa tu, ikiandikwa wazi kwamba ni makadirio. Jambo jingine hamkuliuliza, lakini lina hatari kubwa zaidi: wateja waliosoma kwa Kifaransa huandika 1 500,00 au 1.500,00, na fomu iliyopangwa kwa mtindo wa Kiingereza inaweza kuisoma 1.500,00 kuwa moja na nusu. Kabla ya kutuma, fomu imrudishie mjazaji kiasi hicho kwa maneno na kumtaka athibitishe. Nyaraka nyingi za zabuni zina sharti kwamba tarakimu zikipingana na maneno, maneno ndiyo yanayofuatwa.

Swali (Dar es Salaam): Tunauza vifaa vya umeme wa jua kwa kampuni za hapa nchini. Je, fomu yetu inaweza kubaki na dola pekee?

Jibu: Hapana. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kunukuu bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa maeneo yaliyotajwa humo. Wekeni TZS leo, na mkamwone mwanasheria kuhusu mikataba ya zamani.

Swali (mwanafunzi, Nairobi): Nitumie kisanduku cha aina ya "number" na kuhifadhi bei kama "float"?

Jibu: Usitumie "float" kwa fedha, kwa kuwa ni aina ya nambari ambayo kompyuta huhifadhi desimali zake kwa kukadiria. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namna hiyo hutoa 0.30000000000000004, na makosa hayo hulimbikizana katika pendekezo lenye mamia ya mistari. Hifadhi senti kama nambari kamili, au tumia aina ya "decimal", ambayo huhifadhi desimali bila kukadiria. Kisanduku cha "number" nacho kinaweza kubadili bei bila mjazaji kujua, akizungusha gurudumu la kipanya juu yake. Tumia cha maandishi chenye "inputmode" ya desimali, yaani kinachoifanya simu ifungue kibodi ya nambari, kisha ukague kiasi upya kwenye seva.

Swali (Unguja): Bei katika fomu iwe na kodi ndani yake au bila kodi?

Jibu: Onyesheni vyote: bei kabla ya kodi, kodi, na jumla, kila kimoja na msimbo wake. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Zanzibar ni asilimia 15 ilhali Tanzania Bara ni 18, na mteja wa Dar es Salaam anayelinganisha mapendekezo mawili hawezi kukisia ni lipi limejumuisha nini. Viwango hivyo visikazwe ndani ya programu, kwa kuwa hubadilika: Kenya ilishusha chake kutoka 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020 na kukirudisha Januari 2021. Kiwango kihifadhiwe pamoja na kila pendekezo, ili mabadiliko mapya yasiguse hati ambazo wateja wamekwisha kuzipokea.