Kabla Hujaomba Kazi ya Trekta, Uliza Betri

Msimu wa mavuno ukifika huku Njoro, vijana wawili watatu hunipigia simu wakitaka niwaunganishe na kazi ya trekta. Wengi wao kuendesha wanajua. Wamekaa na madereva miaka, wameshika usukani siku dereva amechoka, na treila wanairudisha nyuma hadi mlangoni mwa ghala bila kugusa nguzo. Mimi huwauliza swali moja tu: hiyo trekta uliyoizoea, ikizimwa, inawaka tena?

Hucheka. Wanadhani nawatania.

Novemba 2016 nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye trekta iliyokuwa ikizungusha shela ya mahindi, ile mashine ya kupukuchua, boma hadi boma. Betri yake ilikuwa imekufa tangu wakati wa kupanda. Usiku tuliiegesha mteremkoni ili asubuhi iwake ikiteremka, na baada ya hapo haikuzimwa mpaka giza. Dereva akila, inanguruma. Akienda haja, inanguruma. Shela ikizibwa na magunzi, alipunguza mafuta tu. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kutoka nyuma ya trekta hadi kwenye shela, iliendelea kuzunguka nami nikiinama kuyatoa kwa mkono. Kava ya ile shafti ilivunjika kitambo, na sisi tulishaizoea ikiwa uchi. Siku ya nne, pindo la koti langu likaigusa.

Watu huniuliza mbona sikulivuta. Nilivute saa ngapi? PTO ya kawaida imeundwa kuzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Hata shafti nyembamba ya milimita 35 ikizunguka hivyo humeza karibu mita moja ya nguo kwa sekunde moja. Punguza mafuta hadi nusu, bado itakushinda. Kilichoniokoa ni umaskini: koti lilikuwa mtumba mkuukuu, nyuzi zimeoza, likachanika mgongoni na kuniacha. Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili.

Mkono ulipopona nilienda kwenye mafunzo ya wiki mbili. Nilikwenda nikijua najua. Mwalimu wetu, mzee mmoja mpole, alitukalisha siku mbili nzima bila injini kuwashwa. Tulipanda na kushuka trekta kama watoto wa nasari: uso ukiielekea, mikono imeshika, usiruke. Tulikagua oili, maji, upepo wa magurudumu, nati na pini. Mmoja wetu akanung'unika, mzee akamwambia, "Kijana, kuendesha umekuja nako. Mimi nakufundisha kusimama."

Kusimama kwenyewe ni hivi. Unakata PTO isizunguke. Unashusha jembe au chochote ulichoinua hadi kiguse ardhi. Giya huru, breki ya mkono, unazima, unatoa ufunguo na kuutia mfukoni mwako, si kuuacha pale. Halafu unangoja mpaka kila kinachozunguka kitulie, ndipo ushuke. Mzee alitukatiza kila tuliporuka hatua, na tuliruka sana. Miaka ya kutazama madereva ilikuwa imenifundisha kuteremka injini ikiwaka, na tabia hiyo ilichukua muda mrefu kuning'oka kuliko giya zote nilizowahi kujifunza.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya betri. Fundi akikuambia uzime, anakupa ushauri mzuri usioweza kuufuata kama mashine haitawaka tena. Na swichi au nyaya mbovu ndizo zinazowafanya watu wasimame chini, mbele ya gurudumu la nyuma, na kugusisha bisibisi kwenye staata. Ikiwa giya imeingia, trekta inaondoka na wewe uko njiani. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti, klachi chini, giya huru. Hakuna namna nyingine.

Jambo la pili lililonishangaza ni matope. Masika ya Aprili, ukipanda kuelekea Mau Narok, trekta kuzama ni kawaida, na dawa yetu ya kienyeji ni kufunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate pa kukanyagia. Nimewahi kufanya hivyo na kupongezwa! Kumbe gurudumu likishindwa kuzunguka, nguvu ya injini haiishii hewani. Inainua pua ya trekta, na mashine yote inaweza kupinduka kinyumenyume juu ya dereva kabla hajafikisha mguu kwenye klachi. Ndivyo inavyokuwa pia ukifunga mnyororo juu, kwenye ekseli au ile fito ya kati ya kuinulia jembe. Mnyororo ni wa chini, kwenye ndoano ya kukokotea. Ukizama, jaribu kwanza kurudi nyuma ulikotoka, au chimba, au ita trekta nyingine.

Juu ya mteremko sitasema mengi. Aliyekulia Nakuru ameshaona malori yakishuka Salgaa na giya huru. Chagua giya kabla ya kuanza kushuka, usiguse klachi katikati, na zile pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya la kulia, zifungwe pamoja ukiwa barabarani. Ile fremu ya chuma nyuma ya kiti, inayomkinga dereva trekta ikipinduka, usiikate ili trekta iingie bandani. Uswidi ilianza kuidai kwenye trekta mpya mwaka 1959, na mimi nimefanya kazi kwa mtu aliyeikata kwa msumeno. Ikiwepo, funga mkanda. Matgadi si kiti cha abiria, hata awe mtoto wa mwenye shamba. Leseni ni ya daraja G; ya gari dogo haikutoshi.

Kama umejifunzia kazini, usione haya kutafuta mafunzo upya. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini pia mafundi waliojifunzia kazini, na cheti kinasaidia kwenye mashamba makubwa ya ngano. Ukichagua mahali pa kusoma, uliza utakaa kwenye kiti saa ngapi wewe mwenyewe, si darasa zima.

Na mkipatana malipo, kuwa macho. Shela hulipwa kwa gunia. Kila dakika ya kuzima ni gunia lisilohesabiwa, kwa hiyo dereva, taniboi na mama mwenye mahindi, wote wanataka iendelee. Mimi siku hizi humwambia mwenye boma kabla ya gunia la kwanza: nitazima kila ikizibwa, na watoto na leso wakae mbali. Wengine hunifukuza. Binamu yangu aliniuliza juzi afanye nini na tajiri anayemkataza kuzima kwa sababu betri haijanunuliwa. Nikamwambia amwombe nauli ya kurudi nyumbani, na akinyimwa atembee.