Usiiwashe hiyo Ninja 250 kabla hujanusa oili yake

Hapana mkuu, usimtumie huyo muuzaji hata senti. Pikipiki ya Kawasaki Ninja 250 ya 2005, dola 1,200, imelala gereji miaka mitatu hapo Ohio, halafu wewe unauliza fairing (maganda ya plastiki ya nje) za rangi gani na ekzosi ipi italia vizuri? Injini hiyo inaweza kufa siku ya kwanza utakapobonyeza stata. Yangu ilikufa hivyo, na injini ya mtumba ikanikamua pesa nyingi kuliko pikipiki yenyewe. Cheka tu, nimeshazoea.

Iko hivi. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya unyevu. Tanki la lita 18 likipitisha majira ya baridi likiwa nusu tupu, sehemu ya juu inaota kutu. Kutu hiyo inashuka na mafuta hadi kwenye sindano ya floti ndani ya kabureta, ile inayokata mafuta kabureta ikijaa, na sindano haifungi tena sawasawa. Koki ya mafuta chini ya tanki la Ninja hizi inafunguliwa na mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo ikiwa nzima, ukizima injini mafuta yanakatika. Lakini diaframu yake (kiwambo cha mpira) ikichanika, au mtu akiiacha kwenye PRI, alama inayoruhusu mafuta yapite hata injini ikiwa imezimwa, petroli inatiririka usiku kucha: inafurika kabureta, inaingia silinda, inapenya kwenye ringi, inatua kwenye oili.

Sasa bonyeza stata uone. Silinda ikiwa imejaa petroli, konrodi inapinda, maana kimiminika hakishindiliki. Isipojaa, ndiyo mbaya zaidi: inawaka, unachekelea, kumbe oili imekuwa nyepesi kama chai ya rangi, na ndiyo inayotakiwa kulinda beringi za injini inayofika mizunguko 14,000 kwa dakika. Ukisikia kagongo kutoka chini, hakuna tena cha kusafisha.

Na huyo aliyeandika kwenye tangazo kwamba "ilikuwa inawaka vizuri nilipoiegesha"! Hata marehemu alikuwa anapumua alipopanda kitandani. Wabaya kuliko yeye ni hao wa video wanaokwambia umwage chupa moja ya dawa ya kusafishia kwenye tanki, uwashe, uendeshe. Dawa hiyo haiondoi kutu tankini. Mimi niliwaamini, nikasafisha kabureta mara tatu huku tanki likizijaza kutu upya kila wiki. Msomi kabisa.

Kwa hiyo tanki kwanza. Ukienda kuiona, isimamishe wima, angalia kile kioo cha oili upande wa kulia. Oili ikiwa juu ya mstari wa juu, au ukifungua kizibo ukanusa petroli, marufuku kuwasha. Mulika tanki kwa tochi, na uangalie pembeni pia, maana ukichungulia chini ya mfuniko tu utadanganyika.

Ukiinunua, mwaga mafuta yote, fungua koki (bolti mbili), ziba tundu, jaza siki nyeupe hadi juu. Iache saa 24, kutu ikiwa nene 48. Ukitumia nati kukwangua ndani, zihesabu zikiingia na uzihesabu zikitoka. Suuza kwa maji yenye bekingi soda ili kuua asidi, suuza tena, kausha hapohapo kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha zungusha oili kidogo ndani. Ukienda kula kwanza, utakuta kutu mpya ya rangi ya chungwa inakusubiri.

Ndipo ufungue kabureta. Zipo mbili. Skrubu za bakuli ni laini na za kipimo cha Kijapani, bisibisi ya kawaida itazichuna. Jeti ndogo ina tundu la kama theluthi ya milimita. Usilichokonoe kwa waya wa chuma, litapanuka na mchanganyiko utaharibika. Tumia uzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme, dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Dawa hiyo isiguse diaframu za mpira, zitavimba. Weka sindano mpya za floti na o-ringi mpya, na badilisha diaframu ya koki hata kama unaiona nzima.

Mwaga oili yote, weka 10W-40 yenye alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki (ya gari inaweza kutelezesha klachi), washa dakika chache, mwaga tena pamoja na filta. Ndiyo, oili mara mbili. Ni nafuu kuliko injini, niulize mimi.

Matairi: hiyo ya 2005 inavaa inchi 16, 100/80 mbele na 130/80 nyuma, kwa hiyo usiagize ya inchi 17 ya toleo la 2008. Fluidi ya breki ibadilishe.

Bima na leseni uliuliza pia, wengine watakujibu. Wewe kesho nenda na tochi, na kabla muuzaji hajaingiza funguo, nitumie picha ya hicho kioo cha oili.